Ramani ya Italia kwenye Sakafu ya Northfield

Wiki niliyostaafu na kurudisha funguo za gari la kazi, Bahati alinizuia mlangoni. "Papa Jaswant, usiende vile tu," alisema. "Hawa vijana wapya hawajue kitu. Andika, batasoma." Vijana anaowasema wana ndevu na watoto wa shule, lakini nilimwelewa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu pale karakanani Hodge Hill, Birmingham, ndicho kilichotuunganisha: mimi Kalasinga wa Nakuru, Bahati wa Bukavu kule Kongo, na Wakenya na Watanzania waliotufuata. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, mtaulizana wenyewe. Mimi nitawaeleza habari za mawe.

Niliingia kazi hii nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani nikitengeneza vipuri vya magari, tangu nilipofika Birmingham nikiwa kijana. Kiwanda kilipopunguza watu, shemeji yangu akanipeleka kwa mwenye kampuni ndogo ya sakafu za terazo. Sikujua terazo ni nini, ingawa nilikuwa nimeikanyaga maisha yangu yote: benki ya Nakuru, hospitali, ngazi za shule. Mtu hutembea juu ya kitu miaka na miaka asiulize kimetengenezwaje.

Siku ya kwanza nilivaa suruali iliyopigwa pasi. Mke wangu ndiye aliyesisitiza. Mzee aliyenipokea aliitazama ile alama ya pasi, akatazama kilemba changu, kisha akayatazama magoti yangu.

"Mazima?" aliuliza.

"Mazima."

"Basi tutayatumia."

Huyo alikuwa Ermes. Umri wake ulishapita sabini, magoti yake yalikuwa yamekwisha, na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutukosoa. Kiingereza chake kilikuwa cha Birmingham kabisa mpaka akasirike. Hapo kilirudi Italia. Alikuwa ametoka Friuli, kaskazini mashariki kabisa mwa nchi hiyo, kijiji kilicho kando ya mto mpana wenye mawe mengi kuliko maji. Watu wa huko, alisema, waliokota mawe yale ya mto kwa rangi zake, wakajifunza kutengeneza sakafu za nakshi, halafu wakasambaa duniani na miko yao kama vile Kalasinga walivyosambaa na randa zao. Nilimpenda kuanzia hapo.

Kazi yenyewe si siri. Unachanganya saruji na vipande vya marumaru, unamwaga, unanyunyiza vipande vingine juu, unabingirisha roller zito mpaka maji yapande. Unaacha ikauke. Kisha unasaga kwa mashine na maji, unajaza vitundu, unasaga tena kwa jiwe laini zaidi, mpaka vipande vioneshe tumbo, ule upande mpana wenye rangi. Anayeharakisha kusaga hung'oa mawe. Anayechelewa huvunja mgongo. Na nunueni pedi za magoti zenye thamani zaidi kuliko viatu vyenu, viatu mtabadilisha.

Jiografia ya Italia niliisoma kwenye magunia. Ermes alikuwa ameyapanga ukutani kufuata ramani, kaskazini ikiwa mlangoni. Jekundu la Verona, jeupe la Carrara, kijani cha Prato, manjano ya Siena, travertino yenye vitundu ya Tivoli, ile ambayo Warumi walijengea. Ukienda mbele zaidi unakuta la rangi ya maziwa kutoka Trani, kule juu kidogo ya kisigino, maana Italia ina umbo la buti, na mwisho kabisa jiwe jeusi la volkeno ya Etna, Sisili. Gunia la Sisili lilikuwa mlangoni mwa choo. Ermes alidai ni kwa sababu ya nafasi. Watu wa kaskazini mwa Italia, nimekuja kugundua, huwa na sababu nyingi za nafasi ikitajwa kusini.

Kabla ya hapo Italia kwangu ilikuwa mpira, na ile barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa, iliyojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa vita, pamoja na kikanisa chao pembeni. Nilipomwonesha Ermes kwamba jiwe la Etna ni ndugu ya mawe ya Menengai, mlima wa volkeno wa kwetu Nakuru, alilishika, akalilowesha kwa mate, akaitikia kwa kichwa. Aliyalowesha mawe yote hivyo. Jiwe kavu halikuambii rangi yake.

Siku moja nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu. Nilikuwa nimeanza kukamata maneno ya Kiitaliano, lakini siku hiyo sikupata hata moja.

"Hicho si Kiitaliano," alisema. "Ni Kifriuli. Kiitaliano nilifundishwa shuleni, kama wewe ulivyofundishwa Kiingereza."

"Lakini wewe ni Mwitaliano."

"Italia ni kitu cha juzi, Jaswant. Kulikuwa na wafalme huku na huko, Papa wa Kanisa na nchi yake pale Roma, Waaustria kwetu. Babu yangu alizaliwa raia wa mfalme wa Vienna. Akafa Mwitaliano. Na hakuwahi kuhama nyumba."

Nikamwambia kwamba kijiji cha baba yangu, kule Punjab, nacho kilivuka mpaka bila kusogea, India ilipogawanywa na Pakistan ikazaliwa. Aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama magoti. Lakini hakuuliza zaidi.

Sasa niwaeleze ile kazi ya Northfield, kusini mwa Birmingham, maana ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Bi Zarina alikuwa amenunua duka la zamani nyuma ya barabara kuu. Miaka mingi iliyopita lilikuwa duka la aiskrimu na kahawa la familia ya Kiitaliano. Baadaye likawa duka la mazulia, kisha likafungwa. Yeye alitaka kufungua mkahawa wa chai na keki. Alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Kampala, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na alipogundua tunazungumza Kiswahili, Kiingereza chote alikitupa isipokuwa pale alipotaka kuamuru.

"Bhai Jaswant, mimi sitaki maajabu," alisema. "Nataka floor flat, finished. Mafundi wa mabomba wameniharibia hapa, ona. Zibeni."

Tulipong'oa zulia na gundi yake, Bahati ndiye aliyeona kwanza. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu nasi. Kwao alikuwa fundi wa redio, mtu wa kuinamia vitu vidogo.

"Papa, njoo. Hii si maua. Hii ni inchi."

Chini ya gundi kulikuwa na Italia. Ilikuwa na urefu wa kama watu wawili waliolala, na kila eneo lilikuwa limetengenezwa kwa jiwe la kwao: Toskana nyeupe, Sisili nyeusi, Sardinia ya waridi, yote yamezungukwa na bahari ya kijivu. Tulimwaga maji juu yake ikawaka. Hata Bi Zarina alinyamaza, na hilo sikuliona tena.

Ermes alipofika siku iliyofuata hakukaa kwenye ndoo. Alipiga magoti yake mabovu, akatambaa kuanzia Sisili kwenda juu, akinong'ona majina ya miji. Alipofika kaskazini mashariki alikuta shimo la mafundi wa mabomba, kwenye pembe ya bahari ya Adria. Friuli ilikuwa imepona, imebaki na ufa mmoja. Baada ya mji wa Trieste hapakuwa na kitu, ila kifusi.

"Bahati nzuri," nilisema. "Wamevunja bahari tu."

"Hapana." Alikuwa anapapasa ukingo wa shimo kwa kidole gumba. "Angalia hapa. Jiwe jeupe linaendelea kushuka kusini. Hii ni Istria."

Mimi na Bahati tuliangaliana. Akatueleza. Istria ni rasi ndogo upande wa pili wa Trieste. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Italia iliichukua. Baada ya vita vya pili iliipoteza, na leo sehemu kubwa ni ya Kroatia, na sehemu ni ya Slovenia. Kwa hiyo aliyetengeneza sakafu ile alikuwa ameitengeneza katikati ya vita viwili.

"Basi tunajua umri wake," nilisema. Nilifurahi kama mpelelezi.

Ermes hakufurahi. "Tutaweka bahari ya kijivu. Italia inaishia Trieste."

Tungefanya hivyo, na mimi ningesahau habari yenyewe, kama mlango usingekuwa wazi ili vumbi litoke. Mchana ule aliingia mama mmoja mzee akivuta kikapu chake cha magurudumu. Hakutusalimu. Alipita kando ya Sisili, akafuata pwani ya mashariki polepole kama mtu anayepanda ngazi, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

Jina lake lilikuwa Nives. Aliishi mtaa wa pili, juu ya duka la kinyozi. Alipofika Birmingham akiwa mwanamke kijana, bila Kiingereza, bila ndugu, mtu alimwelekeza kwenye duka hili la aiskrimu akapate kusikia lugha anayoielewa. Kila Jumapili alinunua kahawa moja na kuinywa amesimama, mguu wa kulia juu ya Istria. Alikuwa amezaliwa pale, kwenye mji wa Pola, kwenye ncha yake.

"Mtairudisha?"

"Hapana, mama," Ermes alisema. "Nitatengeneza ramani ya kweli."

"Mimi si wa kweli?"

Walikuwa wakizungumza Kiingereza, wote wawili, kwa ukakamavu, kama watu waliovaa nguo za kuazima. Mama Nives akasema alipozaliwa Pola ilikuwa Italia na shule ilikuwa ya Kiitaliano. Baba yake alikuwa fundi viatu. Vita vilipokwisha na ikajulikana mji utakabidhiwa Yugoslavia, majirani karibu wote walipakia vitanda na kabati kwenye meli, katika baridi kali, wakaondoka. Mji ukabaki milango tu.

Ermes alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mama yangu alikuwa na ndugu Waslovenia, upande wa Gorizia," alisema. "Binamu zangu walichapwa shuleni kwa kusema neno la lugha yao. Majina yao yalibadilishwa kwa amri ya serikali, ya ukoo na ya kwao wenyewe. Unajua kulikuwa na nini ukutani, nyuma ya mwalimu aliyewachapa? Ramani hii. Hii hii, na Istria yake. Mimi sitaichora kwa mikono yangu."

"Baba yangu hakumchapa mtu," Mama Nives alisema.

"Sikusema alichapa."

"Basi usimfute."

Alivuta kikapu chake akatoka. Ermes alikwenda kukaa ndani ya gari. Mimi, niwaambie ukweli, sikujua nani ana haki, na bado ningependa kukutana na mtu anayejua.

Bi Zarina alikuwa amesimama jikoni na sahani ya sambusa, amesikia yote. Nilidhani atasema tumwage saruji tumalize, maana sakafu ilikuwa yake. Badala yake aliinama kulitazama lile shimo.

"Bhai, mimi nilitoka Kampala msichana," alisema. "Wahindi tulifukuzwa, hiyo unajua. Hakuna mtu ataniambia ile nchi ni yangu, na sidai. Lakini mtu achore Afrika, halafu pale Kampala aweke shimo, kwa sababu mimi sipo? Hapana. Mpaka, wekeni. Nchi, msiifute."

"Mpaka tutauweka vipi?" nilimuuliza Bahati kwa sauti ya chini.

Alikuwa anatafuna. "Kwetu, na Rwanda, mpaka njo muto Ruzizi," alisema. "Asubui mama anavuka na nyanya zake, mangaribi anarudi. Mpaka iko. Na batu beko." Akafuta mikono. "Papa, ule mukanda wa shaba wa kazi ya juzi, haujabakia kidogo?"

Ulikuwa umebaki. Mnajua zile kanda nyembamba za shaba ya manjano tunazotenganishia rangi ili terazo isipasuke. Nilichukua kipande nikaenda nacho kwenye gari kwa Ermes. Sikutoa hotuba. Nilimweleza tu kwamba kitakaa pale chini ya Trieste kiwe mpaka, kirefu kama kidole, kisha nikamwambia alichosema Bi Zarina na alichosema Bahati.

Ermes aligeuzageuza ile shaba. Mvua ilikuwa imeanza. Mwishowe alisema, "Na upande wa mashariki?"

"Upande wa mashariki vipi?"

"Aliyeitengeneza aliikata Istria na ile nchi ya nyuma yake kwa mstari mkali, kama kisu. Mimi sitaki kisu pale. Jeupe liingie kwenye kijivu kidogo kidogo, mtu asijue limeishia wapi. Maana ndivyo watu walivyokuwa wanaishi."

"Unaweza kufanya hivyo?"

"Mimi?" Aliudhika. "Wewe utafanya. Mimi nitakaa kwenye ndoo."

Tatizo lilikuwa jiwe. Jiwe la Istria ni jeupe lenye umanjano wa mbali, limeshikana sana, na hatukuwa nalo hata punje. Ermes alisema misingi na ngazi za Venisi zimejengwa kwalo, kwa sababu maji ya chumvi huchelewa kulila. Bahati ndiye aliyekumbuka kifusi: mafundi wa mabomba walikijaza kwenye magunia wakayaacha uani. Tukayamwaga. Tulikaa juu ya maboksi na nyundo ndogo, tukivunja saruji ya zamani na kuchomoa vipande, tukiviosha kwenye karai. Kila kipande cheupe Ermes alikilowesha mdomoni kuhakikisha si cha Carrara. Mawe ya Carrara humeta kidogo kama sukari, haya hayameti. Nilianza kuvionja mwenyewe. Bahati alikataa; alisema amekula vitu vingi njiani kuja Ulaya lakini sakafu bado.

Vilitosha, kwa shida. Pale mashariki, ambapo jeupe lilitakiwa kuyeyukia kwenye kijivu, uchache wenyewe ulinisaidia. Nilipanda punje moja moja kwa ncha ya mwiko, nikizidi kuziachanisha, huku mzee nyuma yangu akisema "bado", "bado", "hapo simama". Eneo lote la ugomvi lilikuwa kama kiganja kilichofunguliwa. Sijawahi kutumia muda mrefu hivyo kwa kazi ndogo hivyo, wala kuwaza sana hivyo nikiwa nimepiga magoti, na mimi ni mtu wa kusali gurudwara.

Mashine kubwa haikuweza kuingia pale pembeni bila kuing'oa shaba, kwa hiyo tulisaga kwa mkono. Nilianza mimi. Baada ya muda nikasikia ndoo ikisogea. Ermes alishuka sakafuni, akanipokonya jiwe la kusagia, akamaliza mwenyewe, kwa miduara midogo, akipumua kwa nguvu. Sikumsaidia kushuka, na wakati wa kuinuka nilijifanya nafunga mfuko, mpaka aliponiita.

Bi Zarina ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa juu ya kinyozi. Mama Nives alikuja amevaa koti la kutokea. Alisimama mbali kwanza. Kisha akafuata pwani kama siku ile, akafika Trieste, akauona ule mkanda wa shaba. Nilijiandaa kwa maneno.

"Mpaka," alisema.

"Mpaka," Ermes aliitikia.

Akauvuka kwa macho, akashuka mpaka kwenye ncha, kisha akatazama mashariki pale jeupe linapopotea. Hakuweka mguu.

"Ni ndogo," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakumbuka ni kubwa."

Hapo Ermes akasema kitu ambacho hakikuwa Kiingereza, wala Kiitaliano nilichokuwa nimekizoea kutoka kwenye magunia. Mama Nives aligeuka haraka kama mtu aliyeitwa jina la utotoni. Akajibu. Ermes akasema tena. Nilijua baadaye kwamba ni lahaja ya Kivenisi, ambayo zamani watu wa pwani ile yote waliijua, wa Friuli, wa Trieste, wa Istria. Bi Zarina akawasogezea meza na viti vyake vipya vilivyokuwa bado na nailoni. Wakakaa, mmoja upande huu wa shaba, mwingine upande ule, na sauti zikaanza kupanda.

Mimi na Bahati tulibeba vifaa kwenda garini. Tulisafisha miko, tukafunga mashine, tukakunja nyaya, na bado wanaongea. Mama Nives alikuwa ananyoosha kidole. Ermes alikuwa anapiga meza.

"Papa, banagombana tena?" Bahati aliuliza.

"Sijui. Lakini hakuna aliyesimama."

Tulimshusha Bahati kwake, tukaelekea Kingstanding, alikokaa Ermes. Mzee alikuwa amechoka, vumbi jeupe kwenye nyusi. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Mlikuwa mnabishana nini?"

"Supu," alisema. "Kuna supu ya maharage na kabichi iliyochachushwa. Yeye anasema wanatia shayiri. Kwa mama yangu hakukuwa na shayiri kabisa. Ananialika Jumapili nikaionje, lakini nakuambia mapema, amekosea."

Alicheka peke yake kidogo. Tulipita maduka, tukasimama kwenye taa. Kisha akageuka kwenye kiti, akanitazama. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja zaidi ya miaka miwili.

"Jaswant. Wewe ulizaliwa wapi hasa?"

"Nakuru."

"Iko wapi?"

Dashibodi ilikuwa na vumbi la saruji la wiki nzima. Taa ilikuwa nyekundu bado. Nikachora Kenya kwa kidole, nikaweka Nairobi, nikapandisha reli, nikazungusha Menengai. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi kabla sijalifikia ziwa letu.

"Endelea," Ermes alisema. "Wasubiri."